Upande wa Dirishani

Kipande cha bawa kililala juu ya meza ya maabara, kimefunikwa shuka jeupe mpaka nchani, na Inspekta hakupenda kukiona hivyo.

"Kwa nini umekifunika?"

"Vumbi," Mhandisi alijibu bila kuinua kichwa. "Na yule mama. Jana mlango ulikuwa wazi, akapita, akaona. Alisimama pale mpaka mimi ndiye niliyeona aibu."

Yule mama alikuwa nje, kwenye benchi la ukumbini, kati ya maabara na ofisi ya Inspekta, kama kila alasiri tangu ndege ndogo ya mizigo ilipokatika bawa angani ikamuua mwanawe aliyekuwa akiirusha. Alikuwa mfanya usafi katika kiwanda kile kile kilichotengeneza bawa hilo, na watu wote kule walimwita Mama Rubani tangu siku kijana alipopata leseni. Kijana amekufa, jina limebaki. Nani angekuwa na moyo wa kumtafutia lingine? Hakumsumbua mtu. Alimaliza zamu, akaja, akasalimiana na kila aliyepita. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alitoa kitambaa mfukoni akaanza kulifuta benchi la serikali kwa nusu duara, kwenda na kurudi, mpaka mbao zikang'aa.

Dakika chache kabla, Inspekta alipokuwa akiingia, mama huyo alikuwa amemshika mkono wa shati.

"Mwanangu, mmempata?"

"Bado, mama. Tunaendelea."

"Si mnaye yule binti wa gundi?"

"Tunaye. Lakini kuwa naye ni jambo moja, kuwa na uhakika ni jambo jingine."

"Mimi sitaki mambo mawili. Nataka aliyemfanyia mwanangu hivi afungwe, awe nani, awe wa nani. Nikishamwona amefungwa, nitalala. Sijalala, baba."

Kituoni Inspekta aliitwa Kobe, na si kwa siri. Wakubwa wake walikwisha kuliona jalada hili limekamilika: Fundi Gundi, dada aliyebandika bawa lile, alikuwa rumande na alikwisha kukiri. Mwendesha mashtaka alishapiga pasi suti yake. Kobe peke yake ndiye aliyeng'ang'ania kwamba kabla ya kesi bawa lichunguzwe, na alikuwa amepewa mpaka kesho asubuhi.

Mhandisi alivuta shuka.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Kobe alisema.

"Watoto wangu wanaelewa upesi." Alivaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani. "Hili si bati tupu. Ni bati jembamba la alumini, juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowa gundi, halafu bati tena, halafu nyuzi tena. Ukishapanga, unapika kwenye tanuri huku limebanwa. Likishikana sawasawa, ni jepesi na ni gumu kufa. Ubaya wake ni mmoja. Ufa ukipata njia katikati ya matabaka, nje huoni kitu. Unakula ndani kwa ndani kama mchwa kwenye boriti."

"Na hapa ulikula."

"Hapa ulikula, ukanawa."

Kobe aliinama ukingoni, palipokuwa na bonde dogo, saizi ya kiganja. Tangu siku ya kwanza Meneja wa kiwanda alikuwa akilitaja bonde hilo kuliko alivyomtaja marehemu. Wapakiaji wa mizigo, alisema, walilibamiza bawa kwa kreti. Kiwanda hakina neno.

"Limebamizwa kweli," Mhandisi alisema, "na ndani yake kuna ufa kweli. Lakini chukua lenzi, uone manyoya."

Kobe akaona. Pande zote mbili za ufa nyuzi zilizokatika zilisimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, na gundi imebaki huku na huku.

"Ufa huu ulilazimika kurarua nyuzi ili upite. Ulipigana, ukachoka, ukasimama hapa. Haukuivunja ndege."

"Basi gundi. Binti amekiri kwamba alikosea kuichanganya."

"Amekiri ujinga. Ndoo ile ile ilibandika na bawa la pili, nalo limeanguka na ndege likiwa zima. Nimelikata, nimelipima, halina tatizo. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Alikuwa ametoa vipande viwili vyembamba kwenye bawa lililokatika, kimoja kila nusu. Alikitia cha kwanza kwenye mashine, midomo miwili ya chuma ikabana bati la juu na bati la chini, kisha ikaanza kuyavuta yaachane. Namba kwenye kioo ilipanda. Kipande kikalia kama mlango wa zamani. Kilifunguka kidogo, kikagoma, kikafunguka tena, na mdomoni mwake manyoya yakajaa.

Akatia cha pili. Mashine haikuwa imeanza kazi sawasawa, namba ilikuwa chini kabisa, kipande kikafunguka chote kwa mkupuo kama karatasi ya pipi. Hakikutoa hata sauti. Upande mmoja lilibaki bati tupu, linang'aa. Upande wa pili ilibaki gundi yote, laini, bila jeraha.

Mhandisi alivizima vitufe kimoja kimoja. "Hapa gundi haikushindwa, Inspekta. Haikuwahi kushika. Matabaka yamegusana, hayajashikana. Hata wakaguzi wakiligonga kwa nyundo ndogo wasikilize, sauti inatoka nzima, maana hakuna uwazi. Linakaa hivyo mpaka siku litakapotakiwa kubeba mzigo."

"Kama ndoa za watu fulani."

Mhandisi hakucheka. Alikuwa ameachana na mumewe mwaka jana, na Kobe alikumbuka jambo hilo akiwa amekwisha kuchelewa.

"Samahani. Kwa hiyo bati lilikuwa chafu."

"Lilikuwa chafu kwa namna yake." Alishusha taa ya meza mpaka mwanga ukalala juu ya bati la bawa lenyewe, pale matabaka yalipoachana. Hapo ndipo zilipoonekana: nusu duara hafifu, moja imepanda juu ya nyingine, safu kwa safu. "Mtu alipitisha kitambaa, na kitambaa kilikuwa na silikoni, ile inayotiwa kwenye dawa za kung'arisha fenicha. Ikishalipita bati lililooshwa, gundi haikai hata ungeibembeleza."

"Na hizi duara zinaishia wapi?"

Alipitisha kidole katikati ya kipande kikubwa cha bawa. "Hapa. Karibu mstari wa rula. Huku kumefutwa kote, huku hakukuguswa. Ufa ulianzia huku kulikofutwa."

"Mtu anayefuta meza hafuti nusu."

"Akichoka anafuta nusu."

"Aliyechoka anaacha kona, Mhandisi. Hachori mstari. Huyu nusu ndiyo aliyotumwa." Kobe akatoa kamba mfukoni, akapima kutoka mwanzo wa bati mpaka mstarini, akafunga fundo.

*

Rumande Fundi Gundi aliletwa akiwa amevaa sweta la mtu mwingine. Kiwandani walisema ndiye aliyekuwa na mdomo mkali kuliko wote, hata Meneja alimzunguka. Sasa aliketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni asiye na uhakika kama amekaribishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ulisema ulikosea kuchanganya gundi."

"Nilikosea."

"Ulikosea vipi? Ilikuwa nzito au nyepesi?"

Alifikiri. "Mlivyoandika ndivyo."

"Sisi hatukuwepo. Gundi yako tumeipima. Ilikuwa nzuri."

Kobe alikuwa ametegemea machozi, au hata tusi. Binti alitikisa kichwa tu.

"Usiniambie hivyo, mzee, tafadhali. Waliniuliza mpaka na mimi nikaanza kujiuliza. Nimeshazoea kwamba ni mimi. Ukinipa matumaini halafu yakaanguka, sitaweza kuzoea mara ya pili."

"Nijibu mawili matatu tu. Bati uliliosha?"

"Niliosha kwa dawa, nikalimwagia maji. Maji yakitanda kama shuka, ni safi. Yakikatika vitone vitone, lina mafuta, unaanza upya. Yalitanda."

"Halafu?"

"Nikaliacha mezani likauke. Tukaitwa wote getini kuwapokea wageni, wanunuzi wa ndege. Niliporudi nikalikuta linang'aa kuliko siku zote. Nikajisemea, leo nimeosha." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nikajipongeza, mzee."

"Hukulimwagia maji tena?"

"Wageni walikuwa wameshafika kwenye dirisha, wananitazama. Meneja yuko nyuma yao ananipungia mkono nianze. Ningeanza kumwaga maji mbele ya wageni? Wangesema hawa hawajajiandaa."

"Ndani alibaki nani?"

"Hakuna mtu. Wote tulikuwa getini."

Askari aligonga mlango. Binti alisimama kabla hajaambiwa, naye Kobe aliondoka pale akiwa amekasirika, na hakujua amkasirikie nani kwanza.

*

Chumba cha kubandikia kilikuwa na meza moja ndefu, na ukuta mmoja una dirisha kubwa la kioo ili wageni watazame kazi bila kuingiza vumbi. Katikati ya ukuta huo, pale kioo kilipoishia, ilisimama nguzo nene. Kobe aliweka uso dirishani. Aliiona meza kuanzia mwanzo wake mpaka nguzoni. Iliyobaki ilikuwa imejificha.

Aliingia ndani na kamba yake. Alipima kutoka mwanzo wa meza mpaka pale nguzo ilipoanza kuziba, akafunga fundo. Fundo la maabara lilikuwa tayari kwenye kamba ile ile. Mafundo mawili yalikaa pamoja, moja likigusa lingine.

"Afande, umesimama dirishani mpaka tukaona aibu," Meneja alisema mlangoni. "Tungekuletea kiti."

"Ukiwa pale unaona nusu ya meza tu."

"Nguzo hiyo. Aliyejenga hakutuuliza."

"Bati likikauka linabaki na madoa ya maji?"

"Kidogo. Hayadhuru kitu."

"Lakini hayapendezi mbele ya mgeni."

Meneja alitabasamu. Alikuwa mtu wa meno mazuri na alijua kuyatumia. "Mgeni ni mgeni, afande. Hata wewe ukijiwa nyumbani unatandika kiti kile atakachokalia."

"Nani alilifuta bati?"

"Hapa bati halifutwi. Soma ukutani: usiguse bila glavu. Nimeliandikisha mimi mwenyewe."

"Siku ile wote walikuwa getini?"

"Wote. Hakubaki mtu."

"Hata mmoja?"

"Labda wa usafi. Hao huwa wapo tu."

Kando ya mlango palikuwa na kabati la vifaa. Kobe alilifungua. Fagio, ndoo, matambara yaliyokunjwa kwa nidhamu, na kopo la dawa ya kung'arisha, lina picha ya meza ya chakula inayometa kama maji. Aproni moja tu ilining'inia kwenye msumari.

"Wa usafi mnao wangapi?"

"Mmoja." Meneja aliusukuma mlango ukajifunga, na sauti yake ikashuka. "Unamjua. Anashinda kwenye benchi lako. Sasa na mimi nikuulize, afande. Utamsimamisha kizimbani mama aliyezika mtoto juzi, aseme mkono wake ndio ulioliharibu bawa? Maana akisema nilimtuma, nitasema sikumtuma. Neno lake na langu. Na langu lina wakili."

Kobe aligeukia matambara yale. Ile nusu duara alikuwa ameiona kila alasiri, kwenda na kurudi, kwenye benchi la ofisi yake mwenyewe, na alikuwa ameipita akisema shikamoo. Roho ilimuuma kiasi kwamba alilifunga kabati kwa mikono miwili ili lisipige kelele.

*

"Duara hazina jina," Mhandisi alisema, jioni hiyo maabarani. "Mwendesha mashtaka atasema binti alilifuta mwenyewe, kwisha kazi. Bila mtu aliyekuwepo, kamba yako ni kamba tu."

"Najua."

"Ukimwacha mama, binti anakwenda jela. Ukimwita mama..."

"Najua, Mhandisi."

"Basi nenda ukamwambie. Kwa utaratibu. Mtafutie hata maji."

Kobe alikuwa ameyapanga maneno. Angemketisha kwanza, angemweleza kwamba hana lazima ya kusema lolote, angeanza kwa mbali. Lakini alipofungua mlango Mama Rubani alikuwa amesimama papo hapo, kitambaa mkononi, na macho yake yalipita begani kwa Kobe yakaangukia mezani. Shuka lilikuwa pembeni. Taa ilikuwa bado imeshushwa.

Aliingia bila kuombwa. Alizunguka meza, akainama juu ya lile bati, na badala ya kulia alilitazama kwa jicho la kazi.

"Aliyefuta hapa anajua kufuta," alisema. "Haachi michirizi."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Ee, hili si lile la siku ya wageni?" Uso wake ulifunguka, kwa mara ya kwanza tangu Kobe amjue. "Ni mimi huyu! Lilikuwa na madoa madoa, Meneja akaja anatweta, mama, pitishia pale dirishani tu, wageni wako getini. Nikapitishia. Liling'aa nikajiona mpaka meno. Yule binti aliporudi akafurahi, nikamwona. Jioni nikamwambia mwanangu, kuna bawa linatengenezwa, nimeling'arisha kwa mkono wangu. Akanitania, akasema, basi mama, nitawaomba wanipe ndege yenye hilo hilo."

Mhandisi aligeukia ukuta.

Mama Rubani alimtazama yeye, akamtazama Kobe. "Mbona mmenyamaza?"

Kwa sheria Kobe alikuwa amepata alichokitaka. Angeweza kumpa kalamu aweke sahihi, amwache aende nyumbani na furaha yake ndogo, akutane na ukweli mahakamani kwa kinywa cha wakili. Wako wapelelezi ambao wangefanya hivyo na kuliita jambo hilo huruma.

"Kaa, mama."

"Sikai. Sema."

Akamwambia. Hakuuzungusha: kwamba dawa ile huzuia gundi isishike, kwamba gundi haikushika upande wa dirishani, kwamba ufa ulianzia hapo na kutembea humo ndani mpaka bawa likakatika. Alitumia maneno machache na yote mepesi, na kila moja lilimkata yeye kwanza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikitazama kitambaa mkononi mwake, akakiweka kwenye kona ya meza taratibu, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeweka sufuria ya moto.

"Ni mkono wangu."

"Ni dawa, mama. Na ni aliyekutuma. Wewe hukujua."

"Mkono ulikuwa wa nani?"

Kobe alimvutia kiti; hakukikalia.

"Yule binti nilimwombea mabaya," mama alisema. "Kila siku. Kwa jina lake. Andika, mwanangu. Nitasema yote, atoke."

Akasema yote, Mhandisi akiwa shahidi, na Kobe akiandika. Lilipofika jina la Meneja, mama aliuliza, "Huyu atakataa?"

"Atakataa."

"Na wataamini?"

"Huenda wakamwamini yeye."

"Lakini binti atatoka."

"Nitapigana atoke." Hakuweza kuahidi zaidi ya hapo, maana mwendesha mashtaka alikuwa bado na ukiri, na ukiri haukatiwi rufaa na kamba yenye mafundo.

Mama aliweka sahihi. Alijifunga vizuri mtandio wake, akasimama mbele ya Kobe, akamnyooshea mikono yote miwili, viganja vikiwa juu.

"Haya. Twende."

"Wapi, mama?"

"Kunifunga. Si nilikwambia, awe nani, awe wa nani."

"Hakuna wa kukufunga, mama. Ulitumwa kufuta, ukafuta. Hakuna sheria ya hilo." Aliishusha mikono yake polepole. "Dereva atakupeleka nyumbani. Ukapumzike."

Mama alimtazama Kobe kama mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa.

"Sasa mimi, baba," aliuliza, "nitalala lini?"